Marcello Malpighi, mganga aliyetazama mapafu

Marcello Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, katika Italia. Alisomea uganga, kisha akawa mwalimu wa waganga.

Wakati ule wenye elimu walijua kwamba damu huzunguka mwilini. Hutoka moyoni kwa mishipa mingine, hurudi kwa mingine. Lakini hapana aliyeona inavuka wapi. Mwaka 1661 Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa kioo cha kukuzia vitu. Akaona vifuko vingi vya hewa, na juu yake mishipa myembamba sana yenye damu. Ndimo damu inamovuka! Nasi tumeumbwa vivyo hivyo: katika mishipa hiyo damu hupokea hewa safi na kutoa hewa chafu.

Halafu akapasua kiwavi wa hariri. Hakuona mapafu. Aliona matundu mbavuni, na mirija ipelekayo hewa mwilini mote. Alipoyaziba matundu kwa mafuta, kiwavi akafa. Panzi na nyuki pia hupumua kwa matundu kama hayo.

Waganga wengine walimpinga, wakisema kwamba kutazama vitu vidogo hakuponyi mgonjwa. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, vioo na maandiko yakateketea. Hakukata tamaa, akaanza tena. Mwaka 1691 Papa Innocent XII alimwita Roma awe mganga wake. Alikufa huko mwaka 1694.

Leo waganga wa mapafu hujifunza yale Malpighi aliyoyaona katika chura.