Hugh Tracey: Maiki moja, sauti nyingi za Unyamwezi

Leo ukitengeneza muziki kwenye kompyuta, kila sauti unaipa njia yake. Ukizichanganya vibaya, unarudi nyuma na kuanza upya. Hugh Tracey hakuwa na nafasi hiyo.

Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alihamia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake. Shambani akajifunza Kikaranga na nyimbo za wafanyakazi. Mwaka 1929 akawapeleka vijana wa Kikaranga Johannesburg kurekodi.

Mwaka 1950 akaja Tanganyika. Alirekodi Wagogo na Wanyamwezi, watu wa njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea njia hiyo kwa miezi, wakiimba.

Tatizo lilikuwa moja. Mtambo wake ulikuwa wa mono, yaani njia moja tu ya sauti. Kiongozi anaanzisha, wenzake wanaitikia, ngoma inalia, na wote wanaingia humo humo. Ngoma ikizidi, imezidi. Hakuna kurekebisha baadaye.

Dawa yake? Maiki aliishika mkononi. Wimbo ukiendelea, aliisogeza kwa kiongozi, akaigeuzia waitikiaji, kisha akarudi. Jenereta aliiweka mbali kwa waya mrefu ili muungurumo wake usisikike. Mkono wake ndio uliokuwa ukichanganya sauti, palepale.

Lakini mkono huohuo ndio ulioamua nani asikike. Waimbaji ndio waliokuwa na wimbo, maiki ilikuwa ya mgeni.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini. Alifariki huko mwaka 1977. Kazi zake sasa zinatunzwa Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, mbali sana na Tabora.

Bila yeye, huenda nyingi ya sauti hizo tusingezisikia kabisa. Programu za sasa zinaweza kujaribu kutenganisha sauti zilizochanganywa. Ila mwimbaji ambaye maiki haikumfikia siku ile, hakuna programu ya kumrudisha.