Otenyo Nyamaterere: Mkuki wa Kitutu uliomtikisa mkoloni

JINA la Otenyo Nyamaterere si geni masikioni mwa wakazi wa Kisii na Nyamira. Kote linakotajwa huandamana na tendo moja tu, la Januari 1908, mkuki wake ulipompata mgongoni ofisa wa Kiingereza. Kinachosahaulika ni shule iliyomlea mtu aliyeushika mkuki huo, nayo ilikuwa shule ya kweli, ijapokuwa haikuwa na kalamu wala ubao.

Otenyo alizaliwa katika ukoo wa Kitutu, ambao nchi yake leo imegawanyika kati ya kaunti hizo mbili. Enzi za ujana wake, kijana wa Kigusii ambaye hajaoa hakulala kwa mamaye. Alilala katika egesarate, kambi ya ng'ombe iliyojengwa mbali na maboma, ambako vijana walilinda mifugo usiku na mchana. Kambi hizo, ebisarate kwa wingi, ndizo zilizokuwa jeshi la Wagusii. Hapakuwa na jeshi jingine.

Mtoto alianza na upinde wa kuchezea na vijiti vilivyochongwa ncha, akiwalenga ndege. Alipokua alipewa uta wa kiume, podo lenye mishale ya vigumba vya chuma, kisha mkuki, yaani ritimo, na ngao ya ngozi ngumu iitwayo enguba. Chuma kilifuliwa na wahunzi wa Kigusii wenyewe, ambao kazi zao zilisifika hata kwa majirani. Wajaluo wa nyanda za ziwani walipanda milimani na mifugo, wakateremka na majembe, shoka na silaha.

Silaha hizo mbili hazikuwa na kazi moja. Mshale ni wa mbali. Humchelewesha adui na kuvuruga safu yake. Mkuki ni wa karibu, nao humtaka mwenye kuushika awe na subira ya mwindaji: ajue upepo unakotoka, alale nyasini bila kukohoa, ahesabu hatua za windo lake, kisha ainuke mara moja tu. Akikosa, hakuna mara ya pili.

Hayo hayakufunzwa kwa maneno. Yalifunzwa kwa kulala pamoja kambini, kula chakula kimoja kilicholetwa kutoka nyumbani, na kuamka pamoja ng'ombe walipolia usiku. Waliokaa egesarate moja walijuana kwa namna ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawakujuana. Umoja huo ulikwisha kuonekana takriban mwaka 1890 huko Mogori, Wakipsigis waliokuja kuteka mifugo waliposhindwa vibaya.

Lakini adui aliyefuata hakuja na upinde. Mnamo Septemba 1905 kikosi cha Waingereza kiliingia Gusii kikiwa na bunduki na mzinga wa Maxim. Vijana wa ebisarate waliukabili kwa mikuki na ngao, na zaidi ya mia moja wakauawa. Ngozi ya enguba, iliyozuia mishale ya majirani kwa vizazi, haikuzuia risasi hata moja.

Inasimuliwa kwamba nabii Sakawa, ambaye hakuonekana tena baada ya mwaka 1902 hivi, alikuwa ametabiri kuja kwa wageni hao na kwamba vijana wangenyang'anywa silaha zao. Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo cha utawala mahali palipoitwa Getembe, ndipo mji wa Kisii ulipo sasa. Msimamizi wake alikuwa Geoffry Northcote, kijana wa miaka 26 hivi, ambaye Wagusii walilibadilisha jina lake likawa Nyarigoti.

Si wote waliokuwa tayari kuupokea unabii wa Sakawa kama hukumu. Moraa, mwanamke mganga na mwonaji wa Kitutu, aliwahimiza vijana kupinga, na simulizi nyingi humtaja kuwa jamaa wa karibu wa Otenyo. Northcote alipotoka na askari kwenda kutwaa ng'ombe wa watu, hasira ilipata pa kutokea. Kwa watu ambao ng'ombe alikuwa mahari, akiba na heshima, kuchukuliwa mifugo kulikuwa zaidi ya kutozwa faini.

Otenyo alimvizia njiani. Hapakuwa na safu ya vita wala kelele za kushambulia, kwa kuwa mwaka 1905 ulikuwa umewafunza wote matokeo ya kuikimbilia bunduki waziwazi. Alitumia maarifa ya mwindaji, na mkuki ukampata Northcote mgongoni. Ulijeruhi, haukuua.

Kisasi kilikuja upesi. Kikosi cha King's African Rifles kilitumwa, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe wakatekwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Taarifa hizo zilipofika London, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo waziri mdogo wa makoloni, aliandika kulalamikia wingi wa waliouawa. Malalamiko hayo hayakumrudishia mtu ng'ombe wake.

Kuhusu mwisho wa Otenyo, simulizi za Wagusii zinasema alikamatwa, akauawa kwa kupigwa risasi hadharani Getembe, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Moraa naye, zinasema, alikamatwa, akaonywa na kuachiliwa.

Northcote alipona. Alipanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka 1937 hadi 1941, akafariki mwaka 1948.

Wakoloni walielewa kwamba Otenyo hakuwa mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 walipiga marufuku ebisarate, wakidai kwamba kambi hizo ni vyanzo vya uvamizi wa mifugo. Ng'ombe waligawanywa wakarudishwa maboma ya wenyewe, na vijana, ambao sasa hawakuwa na kambi wala cha kulinda, wakatakiwa kulipa kodi na kutafuta kazi ya mshahara. Pigo hili halitajwi sana katika hadithi za ushujaa, ingawa lilidumu kuliko lile la bunduki: wavulana waliozaliwa baada ya hapo walikua bila kujua kulala nyasini na kusikiliza hatua za adui pamoja na wenzao.

Wazee wa Gusii kwa miaka mingi wamekuwa wakiomba fuvu la Otenyo litafutwe na kurejeshwa ili lizikwe kwa desturi. Wananandi walirudishiwa fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei kutoka Uingereza mwaka 2006, karne moja baada ya kuuawa kwake. Kitutu bado inasubiri.