Gauss na Milinganyo ya Pamoja

Mwalimu wa sekondari wilayani Ngara au Biharamulo anapofikia milinganyo ya pamoja, aghalabu huandika kanuni ubaoni: sawazisha namba zilizo mbele ya herufi moja, kisha toa. Wanafunzi hupata jibu, lakini ni wachache wawezao kueleza kwa nini ni halali kutoa mlinganyo mzima katika mwingine. Yafaa basi kuyatazama maisha ya Carl Friedrich Gauss, ambaye njia hiyo imepewa jina lake.

Gauss alizaliwa tarehe 30 Aprili, 1777, mjini Braunschweig, Ujerumani, katika nyumba ya watu maskini. Kisa cha mtoto aliyejumlisha 1 hadi 100 kwa kufumba na kufumbua kimesimuliwa mno, na chumvi imezidi, tukiache. Lenye faida kwetu walimu ni kwamba shuleni pale palikuwa na msaidizi, Martin Bartels, aliyemzidi miaka 8 tu, naye aliketi na mtoto huyo wakajifunza aljebra pamoja. Baadaye mtawala wa Braunschweig alimgharimia masomo, na mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen.

Mwaka 1801 Piazzi wa Palermo aliliona gimba la angani, Ceres, kisha likapotelea katika mwanga wa jua. Gauss alikokotoa njia yake kwa vipimo vichache vilivyokuwapo, na kabla mwaka haujaisha likaonekana karibu na mahali alipopataja. Katika kazi za namna hiyo vipimo huwa vingi kuliko visivyojulikana, tena havipatani. Gauss alitafuta majibu yanayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Ndipo akabaki na milinganyo iliyo sawa kwa idadi na visivyojulikana, akaviondoa kimoja baada ya kingine. Katika kazi yake juu ya Pallas, visivyojulikana vilikuwa 6. Haki itendeke, hata hivyo: Wachina walikuwa na njia hiyo kitabuni takriban miaka 2,000 iliyopita. Gauss aliipa utaratibu.

Darasani tuanzie sokoni. Tuseme mama mmoja wa Nyakahura amenunua mikungu 2 ya ndizi na kilo 3 za maharage kwa shilingi 29,000. Jirani yake, kwa bei zile zile, mikungu 2 na kilo 5 kwa shilingi 35,000. Mtoto ataona mara moja kuwa shilingi 6,000 zilizozidi ni za kilo 2 zilizozidi. Kilichotolewa si herufi bali ununuzi mzima pamoja na fedha zake, na ndizi zimejiondoa zenyewe. Kilo ni shilingi 3,000, mkungu 10,000. Kanuni na ije baada ya hapo.

Miaka ya 1820 Gauss alipima nchi ya Hannover, akipanda vilima kama vile vya Ngara na kupima pembetatu ambazo pembe zake, kwa makosa madogo ya vipimo, hazikujumlika sawasawa. Milinganyo ikawa mingi hata mwaka 1823 akamfundisha mwanafunzi wake wa zamani, Gerling, njia nyingine ya kukisia na kusahihisha kidogo kidogo, akimhakikishia kwamba yawezekana kuifanya hata ukiwa nusu usingizini. Alifariki Göttingen tarehe 23 Februari, 1855, akiwa bado mkuu wa kituo cha kuchunguzia nyota alichokabidhiwa mwaka 1807.