Selous: Mzee wa miaka 63 aliyeivamia Bukoba

WATANZANIA wengi wanalifahamu jina la Selous kama jina la pori. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu, mwindaji wa Kiingereza ambaye Juni 1915, akiwa na umri wa miaka 63, alishuka kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria karibu na mji wa Bukoba akiwa amevaa sare za jeshi. Miezi 18 baadaye aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji, na kaburi lake lipo huko hadi leo.

Maisha yake yanasaidia kueleza jinsi Vita ya Kwanza ya Dunia ilivyopiganwa katika ardhi hii. Yanaibua pia swali ambalo kila anayeongoza wageni katika njia za vita hiyo hana budi kulikabili: ni nani anayekumbukwa, na ni nani aliyesahauliwa?

Frederick Courteney Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851. Alisoma katika shule ya Rugby, na tangu utotoni alivutiwa na ndege, wanyama na simulizi za wasafiri wa Afrika. Mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19, alifika Afrika Kusini. Mwaka uliofuata alifika mbele ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona kuwa mtoto asiyeweza kazi hiyo, akamruhusu.

Kwa karibu miaka 20 Selous aliishi kwa bunduki yake, akiuza pembe za ndovu na kukusanya ngozi na mafuvu kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1881, kilimpa umaarufu mkubwa Uingereza.

Hata hivyo, ujuzi wake wa njia ulitumiwa kwa jambo zito kuliko uwindaji. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuongoza msafara wa walowezi wenye silaha kuingia Mashonaland. Ni yeye aliyewachagulia njia na kusimamia ukataji wa barabara hadi mahali ambapo leo ni Harare. Mwaka 1893 alipigana katika vita iliyomwangusha Lobengula, mfalme yule yule aliyempokea, na mwaka 1896 akapigana tena Wandebele walipoinuka kudai nchi yao.

Baada ya hapo alirudi Uingereza, akaishi Worplesdon, Surrey, pamoja na mkewe na watoto. Aliendelea kusafiri. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, kupanga safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki, na wakasafiri katika meli moja hadi Mombasa.

Kikosi cha watu wa kila namna

Vita ilipoanza Agosti 1914, Selous aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu ya umri. Hakukata tamaa. Mwanzoni mwa 1915 alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojulikana kama Frontiersmen, chini ya Kanali Daniel Patrick Driscoll. Kilikuwa na watu zaidi ya 1,000 wa kila namna: wawindaji, wachunga ng'ombe, mabaharia, wasanii wa maonyesho, hata mpiga picha maarufu wa wanyama Cherry Kearton. Walitia nanga Mombasa Mei 1915.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa Bukoba. Wajerumani walikuwa na mtambo wa simu ya upepo katika mji huo, na Waingereza walitaka kuuharibu. Bukoba ilikuwa makao ya utawala uliosimamia falme za Buhaya, ikiwemo Ihangiro, ambayo leo ipo wilayani Muleba. Wakazi wake hawakuulizwa iwapo waliitaka vita hiyo.

Meli zilizobeba askari wa Kiingereza, wa Kihindi na wa King's African Rifles, chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart, zilitoka Kisumu na kufika mbele ya Bukoba Juni 21. Walinzi waliokuwa Kisiwa cha Musira walitoa ishara, hivyo mji haukukutwa usingizini. Wavamizi walishukia kaskazini mwa mji, wakapanda miamba mikali na kusonga mbele kati ya mawe, matope na migomba huku wakipigwa risasi na kikosi kidogo cha askari wa Kijerumani. Selous, wakati huo luteni, aliongoza watu wake wengi wao wakiwa na nusu ya umri wake.

Juni 23 mji ulitekwa. Mtambo ulilipuliwa, na Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliiteremsha bendera ya Wajerumani. Kisha nyumba na maduka yaliporwa. Jioni hiyo wavamizi walirudi melini na kuondoka. Bukoba ikabaki mikononi mwa Wajerumani hadi katikati ya 1916. Kwa Waingereza ulikuwa ushindi uliosherehekewa. Wenyeji waliachiwa majivu na hasara.

Njia ya kuelekea Beho Beho

Baada ya Bukoba, adui mkubwa wa kikosi hicho alikuwa malaria na kuhara damu. Vijana walianguka kwa mamia, lakini mzee huyo aliendelea kutembea. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, na mwaka 1916 akatunukiwa nishani ya DSO. Mwaka huo huo maradhi yalimrudisha Uingereza kwa upasuaji. Alipopona alirejea, na Desemba 1916 alikuwa tena na wenzake katika eneo la Mto Mgeta.

Januari 4, 1917, siku chache baada ya kutimiza miaka 65, aliinuka kuchungulia mahali adui alipojificha na akapigwa risasi ya mdunguaji. Alizikwa pale pale. Mwaka mmodi kamili baadaye, Januari 4, 1918, mwanawe Freddie, aliyekuwa rubani wa kijeshi, naye aliuawa Ulaya.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa jina lake pori la akiba, ambalo mwaka 1982 liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Jina hilo lilikuwa na sura nyingine pia. Kuanzia 1973 utawala wa walowezi wa Rhodesia uliliita kikosi chake katili Selous Scouts, kikosi ambacho Agosti 1976 kiliua mamia ya watu katika kambi ya Nyadzonya, Msumbiji. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Hivyo Tanzania ilikuwa na jina moja katika ramani yake na katika orodha ya maadui wa wapigania uhuru iliowahifadhi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Beho Beho limo ndani yake.

Wageni hufika hapo wakiongozwa, husimama mbele ya bamba la jiwe na kupiga picha. Lakini Selous hakufika peke yake. Mbung'o waliua farasi na punda, hivyo chakula na risasi vilisafiri mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi, wakila kidogo na kulala kwenye mvua. Takwimu rasmi za Uingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wake. Wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo, lililotokana na kambi yao, na Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Mkoa wa Kagera unajua njia bora ya kukumbuka. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita ya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Pale hakuna mtu mmoja aliyebeba jina la wote. Mkulima na ofisa wamelazwa katika safu zile zile, na Siku ya Mashujaa, Julai 25, taifa limewahi kukusanyika hapo kuwaenzi.

Kutoka miamba ya Bukoba hadi makaburi ya Kaboya ni mwendo wa barabara moja. Anayewaongoza wageni katika njia hiyo ana haki ya kusimulia habari za mzee shupavu aliyekuja na bunduki mwaka 1915. Ana wajibu pia wa kuwataja waliobeba mizigo yake, askari waliomzuia, na wenye migomba iliyokanyagwa na pande zote mbili.