Louis Chevrolet, Mtu Aliyeuza Jina Lake

Katika karakana ya mjomba wangu, ambako hufanya kazi kila likizo, kuna picha iliyobandikwa ukutani tangu kabla sijazaliwa. Ni picha ya motokaa ya Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, nayo sasa imeshika moshi na mafuta. Siku moja mteja alituambia kwamba motokaa ya namna hiyo, ikiwa ni ile adimu yenyewe, huuzwa Marekani kwa laki nyingi za dola. Tulicheka sana, maana kwa fedha hizo shule yetu ingejenga bweni jipya. Lakini neno lile halikunitoka moyoni. Nikaanza kusoma habari za motokaa hizo, na kusoma kwangu kukanifikisha kwa mtu ambaye wengi wetu twalijua jina lake tu, wala hatumjui mwenyewe.

Louis Chevrolet alizaliwa siku ya Krismasi, mwaka 1878, katika mji wa La Chaux-de-Fonds, nchi ya Uswisi. Mji huo ni mji wa mafundi wa saa, na baba yake alikuwa mmoja wao. Louis alipokuwa bado mtoto, jamaa yake walihamia Beaune, katika Ufaransa, penye mashamba mengi ya mizabibu. Hakupata elimu kubwa ya darasani. Ujana wake aliutumia katika kutengeneza baiskeli na kushindana nazo, na huko ndiko alikoonja utamu wa mwendo wa kasi. Baadaye akaenda Paris kufanya kazi ya motokaa, ambazo wakati ule zilikuwa kitu kipya kabisa.

Mwaka 1900 alivuka bahari akafika Kanada, kisha akaenda New York. Mwaka 1905 kampuni ya Fiat ilimpa motokaa ya mashindano, na mwezi wa Mei mwaka huo alishinda huko Morris Park, New York. Alikwenda maili moja kwa muda usiotimia sekunde 53. Watu walistaajabu, kwani wengi wao walikuwa bado wakisafiri kwa magari ya farasi. Mwaka huohuo alimwoa Suzanne Treyvoux, wakajaliwa watoto wawili wa kiume.

Sifa zake zikamfikia tajiri mmoja aliyeitwa William Durant. Huyu alikuwa mkuu wa Buick, akamwandika Louis awe dereva wake wa mashindano. Mwaka 1908 Durant aliunda kampuni ya General Motors, lakini miaka miwili baadaye wenye mabenki walimwondoa katika uongozi. Durant hakukata tamaa. Alitaka kuanza upya, naye alihitaji jina ambalo watu wanalijua na kulipenda. Basi tarehe 3 Novemba 1911 kampuni ya Chevrolet ilianzishwa katika mji wa Detroit. Durant alitoa akili ya biashara. Louis alitoa ufundi wake na jina lake.

Motokaa yao ya kwanza iliitwa Classic Six. Ilikuwa na silinda sita na injini ya karibu lita tano, nayo iliuzwa kwa dola 2,150. Ilikuwa nzuri na yenye nguvu, kama Louis alivyotaka. Lakini Durant aliangalia motokaa za Henry Ford, ambazo hazikufika dola 1,000, akaona kwamba faida iko katika vitu rahisi vinunuliwavyo na watu wengi. Hapo ndipo walipoachana mawazo. Husimuliwa kwamba hata sigara zilileta ugomvi, kwa kuwa Durant alitaka Louis aache sigara ndogo na kuvuta zile kubwa za kitajiri! Louis alikuwa mtu wa hasira za haraka. Akauza hisa zake, akatoka.

Hapa ndipo penye jambo la kusikitisha. Louis aliondoka na mikono yake na sanduku lake la vifaa, lakini jina lake lilibaki kwa kampuni. Chevrolet za bei rahisi zikauzwa mno, hata mwaka 1916 Durant akazitumia hisa za Chevrolet kuirudisha General Motors mkononi mwake. Kama Louis angalikuwa na subira na hisa zake, angalikuwa tajiri mkubwa. Tena, alipotaka kutengeneza motokaa nyingine, hakuweza kuzipa jina la baba yake. Ilimbidi aziite Frontenac.

Hata hivyo, katika ufundi hakushindwa. Pamoja na ndugu zake wadogo, Arthur na Gaston, alitengeneza motokaa za mashindano. Mwaka 1920 Gaston alishinda mbio kubwa za maili 500 za Indianapolis katika motokaa iliyotengenezwa na Louis. Tangu mwaka 1912 hakuna motokaa ya Kimarekani iliyokuwa imeshinda hapo. Lakini furaha haikudumu: Novemba ya mwaka huohuo Gaston alikufa katika mashindano huko Beverly Hills, California. Mwaka 1921 Frontenac ilishinda tena Indianapolis, ikiendeshwa na Tommy Milton.

Baadaye ndugu wale waliuza silinda hedi za kufunga kwenye Ford za bei rahisi. Vali zake zilikaa juu, injini ikavuta pumzi vizuri zaidi, na Ford ya mtu wa kawaida ikaweza kushindana. Louis akajaribu pia injini za ndege, lakini shida kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 ikamharibia. Katika miaka ya 1930 alirudi kufanya kazi katika kiwanda chenye jina lake mwenyewe juu ya mlango. Akapatwa na ugonjwa wa ubongo, akafariki tarehe 6 Juni 1941, hali hana mali. Amezikwa Indianapolis.

Sasa nirudi kwenye picha ya mjomba. Kuanzia mwaka 1964, viwanda vya Marekani vilianza kutia injini kubwa katika motokaa za ukubwa wa kawaida ili vijana wapate kasi kwa bei wanayoimudu. Wao huziita motokaa za misuli. Kwa maoni yangu, ni wazo lile la Louis la kumpa mtu wa kawaida injini yenye nguvu. Mwaka 1969 Chevrolet ilitoa Camaro 69 tu zenye injini ya ZL1, yote ya alumini, ya lita saba. Kila moja ilizidi dola 7,000, na watu wakaziogopa. Muuzaji mmoja wa Illinois, Fred Gibb, aliagiza 50, akashindwa kuziuza, akazirudisha zilizo nyingi kiwandani. Kisha zikaja sheria za moshi, bima ghali, na upungufu wa petroli wa mwaka 1973, na enzi ile ikapita. Leo matajiri huzigombania zile zilizosalia. Mnunuzi hutazama kwanza kama injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, kwa kulinganisha namba zake. Ikiwa imebadilishwa, thamani hushuka mara moja. Twasema chema chajiuza, lakini pengine chema hukawia kupata mnunuzi.

Likizo iliyopita nilimsimulia mjomba habari hizi tukiwa chini ya lori. Hakusema neno kwa muda mrefu. Yeye ni fundi hodari, lakini karakana yake ya kwanza ilimpotea kwa sababu ya karatasi aliyoitia sahihi bila kuisoma. Mwenzake akabaki na karakana, hata kibao chenye jina la mjomba. Jioni ile alinawa mikono, akanitolea mapatano mapya ambayo mtu mwingine mwenye fedha alitaka ayatie sahihi. Tukayasoma pamoja, neno kwa neno, mara mbili. Tukakuta fungu moja lisilofaa, naye akakataa mpaka lilipoandikwa upya.

Wanafunzi wenzangu, wazazi wangu wanataka nikae ofisini, na mjomba anataka nishike spana. Nikimaliza mtihani wangu wa mwisho nakusudia kujifunza ufundi wa mitambo, lakini vitabu vyangu vya hesabu na biashara sitavigawa. Louis Chevrolet alikuwa hodari wa injini. Laiti angalikuwa na mtu wa kumsomea karatasi zake.