Ida Tarbell: Mwanamke aliyeiumbua Standard Oil

Wapambe wa ubepari hudai kuwa mfumo huo ndio mlinzi wa mali ya mtu binafsi. Maisha ya Ida Tarbell wa Marekani yanatueleza vingine.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1857. Baba yake alitengeneza matangi ya mbao ya mafuta, kisha akawa mchimbaji mdogo. Mwaka 1872 kampuni za reli zilikula njama na John D. Rockefeller na wenzake: nauli ya mafuta ipande kwa wote, lakini wao warudishiwe sehemu, hata ya mzigo wa wapinzani wao! Wachimbaji waligoma, njama ikafa. Hata hivyo, mwaka huohuo Rockefeller alimeza viwanda 22 kati ya 26 vya kusafisha mafuta mjini Cleveland.

Binti huyo akawa mwandishi. Kuanzia 1902 hadi 1904 alianika mbinu za Standard Oil katika jarida la McClure's. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamuru kampuni hiyo ivunjwe, zikatoka 34. Rockefeller, mwenye hisa katika zote, akazidi kutajirika. Tarbell alifariki mwaka 1944.

Ndugu msomaji, kumiliki kisima kunamfaa nini mnyonge, iwapo njia ya sokoni imeshikwa na tajiri mmoja?