Habari za Joseph Howe, Mpiga Chapa wa Halifax

Katika nchi ya Nova Scotia, iliyo pwani ya mashariki ya Kanada, alizaliwa Joseph Howe tarehe 13 Desemba 1804. Baba yake, John Howe, alikuwa mpiga chapa, mtu mcha Mungu. Mtoto hakukaa shuleni siku nyingi. Alifundishwa na baba yake kusoma Biblia na vitabu vingine, na mikono yake ikazoea kazi ya kupiga chapa tangu ujana.

Mwisho wa mwaka 1827 alilinunua gazeti liitwalo Novascotian. Akazunguka nchini akiwatembelea wasomaji wake, hata akazijua shida zao. Siku zile mahakimu waliotawala mji wa Halifax hawakuchaguliwa na watu. Basi tarehe 1 Januari 1835 Howe alitia gazetini barua iliyowashitaki mahakimu na polisi kwamba katika miaka 30 wamewanyang'anya watu pauni 30,000.

Wakubwa wakakasirika, wakamshitaki. Mawakili wakamwambia hana tumaini, kwa maana sheria ya siku zile haikumponya mtu hata kama neno aliloliandika ni kweli. Lakini hakukata tamaa. Aliazima vitabu vya sheria, akavisoma, akasimama barazani kujitetea mwenyewe, akanena zaidi ya saa sita. Jaji Mkuu, Brenton Halliburton, aliwaelekeza wale watu 12 walioapishwa kuamua kwamba Howe ana hatia. Nao wakaenda faraghani, na baada ya dakika 10 wakarudi, wakamwachilia.

Mwaka 1836 watu walimchagua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Huko alitaka watawala watoe hesabu ya kazi yao mbele ya wajumbe wa watu. Mwaka 1840 John Halliburton, mwana wa jaji yule, alimwita wapigane kwa bastola, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya mabwana wa zamani. Halliburton alipiga, akamkosa. Howe alikuwa na nafasi ya kumwua, naye akaielekeza bastola juu, akapiga hewani. Hatuisifu safari ile ya kwenda kupigana, bali twausifu mkono uliokataa kulipa kisasi.

Mwaka 1848 Nova Scotia ilipata serikali ile aliyoitaka, ya kwanza katika makoloni ya Waingereza, pasipo kumwaga damu. Howe akawa mwandishi mkuu wa serikali, kisha kiongozi wake tangu 1860 hata 1863. Mwaka 1867 nchi yake ilipounganishwa na Kanada alipinga sana. Alipoona haiwezekani kuuvunja muungano, aliipatia nchi yake masharti yaliyo bora, akaingia katika serikali ya Kanada mwaka 1869. Wengi wa rafiki zake wa zamani wakamchukia. Mei 1873 alifanywa Gavana wa nchi yake. Akafa tarehe 1 Juni, kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

Wako wanaouliza kama mtu aonyeshaye makosa ya wakubwa haivunji amri ya nane. Luther katika Katekisimo Kubwa atufundisha kwamba dhambi ya siri huonywa kwa siri, bali iliyo wazi huonywa wazi. Tofauti ni hii: msengenyaji hunong'ona, ajifiche, Howe alipiga chapa maneno yale katika gazeti lake, akaenda barazani kuyajibu. Nasi, ndugu, tukiwa na neno juu ya hesabu za usharika, tulinene mbele ya wazee, tukiwa tayari kulijibu, tusilitembeze nyumba kwa nyumba.